Nimero ni Jina, Haiko Tabia: Historia ya Piesi za Elektroniki Huku Kwetu



Leo tuzungumze juu ya kitu kidogo kuliko ukucha. Hapa Manika, ukienda kwa mufundi wa redio na televizio, utaona eko na karto yenye kujaa piesi zenye alitoa katika mashini zenye zilikufa. Kila piesi iko na nimero. Na swali la kila siku ni lile lile: "Hii yenye imeungua, sina ya kufanana nayo. Ile yenye niko nayo, itafaa?"

Tuchukue mufano wa transista tatu: BC547, 2N3904 na 2SC945, yenye juu yake wanaandika tu C945. Orodha nyingi za mutandao zinasema hizi tatu zinaweza kushika nafasi moja. Kwa kazi mingi ni kweli. Zote ni transista ndogo za silisiumu, aina ya NPN. Ya kwanza inavumilia volti 45, ya pili 40, ya tatu 50. Lakini shika kila moja upande wenye ni bapa ukuangalie, miguu chini, kisha soma toka kushoto. BC547: kolekteri, bazi, emeteri. 2N3904: emeteri, bazi, kolekteri. C945: emeteri, kolekteri, bazi.

Umeona? Mutu mwenye anafuata orodha peke yake ataingiza C945 katika matundu ya BC547, mashini itakataa, ao itaunguza kitu kingine. Kisha atasema piesi ilikuwa ya bongo. Kumbe piesi haikumudanganya. Ni yeye mwenye alisoma neno "sawa" bila kuuliza: sawa kwa kazi gani? Nani alisema ziko sawa?

Nimero ni jina. Jina linakuambia nani alibatiza mutoto, halikuambii yote yenye mutoto anaweza kufanya. Hii insha ni historia ya hayo majina, na ya namna historia hiyo ilipita katika Katanga yetu, ikatuachia magazini zenye kujaa piesi na watu wachache wenye kujua kuzisoma.

*1. Lampi moja, majina mawili, volti mbili*

Mbele ya transista kulikuwa lampi. Wazee wetu wanakumbuka redio ya lampi: unaiwasha, unangoja ipate moto, kisha sauti inakuja kidogo kidogo.

Watu wa Ulaya na Wamarekani walibatiza lampi kwa njia mbili tofauti. Kuna lampi moja yenye ingali inatengenezwa mpaka leo kwa ajili ya amplifaya za gitaa. Ulaya inaiita ECC83, Marekani inaiita 12AX7. Katika jina la Ulaya, herufi E inasema kwamba waya ya kupasha moto ndani ya lampi inakula volti 6.3. C ni triodi, C ya pili ni triodi ingine ndani ya kioo kile kile. 8 inaonyesha kitako cha miguu 9, na 3 ni nafasi yake katika orodha. Katika jina la Marekani, 12 inasema kwamba ile waya inakula volti 12.6.

Sasa nani anasema kweli? Wote wawili. Waya hiyo iko na muguu katikati. Ukifungisha nusu mbili moja nyuma ya ingine, inataka volti 12.6. Ukizifungisha kandokando, inataka 6.3. Majina mawili yanataja kitu kimoja, lakini kila jina linaonyesha upande mumoja wake. Mufundi mwenye anajua jina moja tu anajua nusu ya lampi.

Vita ya pili ya dunia iliongeza majina. Jeshi la Marekani lilikuwa na orodha yake yenye kuanza na VT, Waingereza wakawa na yao ya CV. Lampi moja ya kawaida, 6SN7, ikaitwa VT-231 kwa Wamarekani na CV1988 kwa Waingereza. Jeshi halikutaka kujua kama ilitoka fabriki ya fulani ao ya fulani. Ilitaka kujua kama itaingia katika nafasi yake na kufanya kazi.

Vita ilipoisha, masalio ya jeshi yakauzwa kwa watu. Wapenda redio wakanunua vifaa kwa bei ya chini, lakini juu ya karto kuliandikwa VT ao CV, wakati kitabu cha redio kinasema 6SN7. Ni hapo orodha za kulinganisha nimero zikawa chombo cha kila siku. Zilitoka mikononi mwa watu wenye walikuwa na piesi mingi na majina yenye hawakuelewa.

Majeshi yenyewe yakaona fujo hiyo. Mwaka 1952 Marekani ikapitisha sheria ya kuwa na katalogi moja, na nchi za NATO zikafuata njia hiyo. Tangu 1974 nimero hiyo iko na tarakimu 13. Nne za kwanza zinasema ni kitu cha aina gani: 5960 ni lampi, 5961 ni diodi na transista. Mbili zenye kufuata zinasema ni nchi gani iliandikisha: Ubelgiji iko na 13, Ufaransa 14, Uingereza 99. Chini ya nimero moja kunaweza kuwa piesi za fabriki mbili, tatu ao kumi, kama umbo, nafasi na kazi ni vile vile.

*2. Herufi A na bulongo ya Kipushi*

Transista ya kwanza ilionekana katika maabara ya Bell, Marekani, mwezi wa Desemba 1947. Kampuni za Ulaya zilipoanza kutengeneza zao katika miaka ya 1950, hazikuwa na jina mupya la kuzipatia. Basi zikatumia majina ya lampi. OC71, kwa mufano: O inasema hakuna waya ya kupasha moto, C inasema triodi. Kwa maneno mengine, walimubatiza mutoto "lampi yenye haina moto."

Mwaka 1966 kampuni za Ulaya zikaanzisha shirika la Pro Electron, kule Bruxelles, ili kuweka majina katika utaratibu. Herufi ya kwanza inataja kitu chenye piesi ilitengenezwa nacho: A ni jermaniumu, B ni silisiumu. Ya pili inataja kazi: C ni transista ndogo ya sauti, D ni ya sauti yenye nguvu, F ni ya redio, T ni tiristori, U ni ya kukata na kuwasha nguvu kubwa, Y ni diodi ya kunyoosha umeme, Z ni zena. Basi BC547 inajieleza: silisiumu, ndogo, ya sauti. AC128: jermaniumu, ndogo, ya sauti.

Simama hapo kwa ile herufi A. Jermaniumu ya miaka ya 1950 ilitoka wapi? Mojawapo ya machimbo makubwa kabisa ya jermaniumu duniani wakati huo ilikuwa Kipushi, karibu na Lubumbashi. Union Minière ilichimba shaba na zenki pale, na ndani yake mulikuwa jermaniumu yenye ilipelekwa Ubelgiji kusafishwa. Kwa hiyo, wakati Ulaya na Marekani walikuwa wanajifunza kutengeneza redio ya transista ya kubeba mukononi, bulongo ya Katanga ilikuwa kati ya vitu vyenye viliwezesha hiyo kazi. Herufi A iliandikwa Bruxelles, lakini sehemu ya kitu chenye inataja ilitoka kwetu.

Wamarekani walifuata njia yao. Kwao, 1N ni diodi, 2N ni transista, na nimero yenye kufuata ni zamu tu ya kuandikishwa. 2N3904 haikuambii kama ni ya sauti ao ya nguvu. Sherti utafute karatasi yake. Wajapani nao wakawa na 2SA na 2SB kwa transista za PNP, 2SC na 2SD kwa NPN. Kwa sababu nafasi ya kuandika ni ndogo, wanaacha 2S, njo maana unasoma C945, A1015, D882.

Ulaya inataja kitu na kazi, Marekani inataja zamu, Japani inataja upande wa umeme. Mufundi wa Manika mwenye eko na televizio ya Ulaya, redio ya Japani na chaji ya Uchina juu ya meza moja, anasoma luga tatu kila siku. Hakuna shule yenye ilimupatia diploma ya hizo luga.

*3. Katanga, inchi ya mashini za umeme*

Kuna watu wenye wanafikiri kwamba elektroniki ilifika huku na simu za mukononi. Tuangalie historia.

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Mwadingusha ilianza kutoa umeme wa maji mwaka 1930, kisha Koni, Nzilo na Nseke zikaja katika miaka ya 1950. Katika miaka hiyo hiyo kampuni ya reli ya BCK ilianza kuendesha treni kwa umeme wa volti 25,000 huku Katanga, wakati nchi nyingi za dunia zilikuwa zingali zinachoma makaa. Mwaka 1960 fabriki ya Luilu ilianza kazi hapa Kolwezi. Shaba ya Luilu inapita katika elektrolizi, na elektrolizi haitaki umeme wenye kugeuka-geuka. Inataka umeme wenye kwenda njia moja, mwingi sana, mchana na usiku. Ni kusema kwamba kati ya maji ya Lualaba na bamba la shaba, lazima kuwe chombo cha kunyoosha umeme. Bila icho, hakuna shaba.

Tarehe 1 Januari 1967, mali ya Union Minière ikawa ya serikali, na kampuni yenye ilizaliwa hapo njo tunaiita Gécamines. Mashini za Wabelgiji zilibaki. Kisha zikaja za Wamarekani, za Wajapani, za Wasuedi. Kila moja ilikuja na vitabu vyake, nimero zake, na luga yake ya majina.

Kitu kikubwa kabisa kilifika mwaka 1982: umeme wa Inga. Waya yenye inatoka Inga mpaka Kolwezi iko na urefu wa kilomita karibu 1,700, inabeba umeme wa njia moja kwa volti 500,000, na ilitengenezwa ili kuleta megawati 560. Wakati ilipoanza, hakuna waya ya namna hiyo yenye ilikuwa ndefu kuliko yetu duniani. Kule Inga umeme unageuzwa kuwa wa njia moja. Huku Kolwezi unarudishwa kuwa wa kugeuka-geuka. Kazi hiyo inafanywa na tiristori mingi zenye zimefungishwa moja nyuma ya ingine.

Ndiyo, muji wetu, wenye vijana wengi wanafikiri ni wa mashimo tu, ulikuwa na mojawapo ya vituo vikubwa vya elektroniki ya nguvu katika Afrika, zaidi ya miaka 40 iliyopita.

*4. "Sawa" iko na masharti*

Sasa turudi kwa vitabu vya kulinganisha. Katika miaka ya 1960 na 1970 transista zilizidi kuwa mingi, na vitabu vikazidi pia. Kule Marekani, RCA iliuza piesi za kubadilisha zenye jina SK. Sylvania iliuza za ECG, na nyuma NTE ikatumia nimero zenye kufanana na za ECG: ECG123AP na NTE123AP ni ndugu. Mwaka 1974 Muingereza T. D. Towers alitoa kitabu chake cha kuchagua transista za dunia nzima, chenye kuonyesha volti, ampere, umbo na miguu ya kila moja.

Angalia tofauti. Kitabu cha Towers kinakupatia vipimo, wewe mwenyewe unapima. Vitabu vya SK na ECG vinakupatia jibu, na jibu ni piesi yenye mwenye kitabu anauza. Havikuwa vitabu vya uongo. Vilisaidia wafundi wa dunia nzima. Lakini muuzaji mwenye anataka piesi yake moja ifae nafasi mia, anachagua piesi yenye nguvu kuliko zote, kisha anasema: hii inashika nafasi ya zile zote. Na hapo kuna jambo lenye watu wengi wanasahau: usawa wa namna hiyo unaenda njia moja tu. Piesi ya volti 100 inaweza kushika nafasi ya piesi ya volti 60, lakini ya volti 60 haiwezi kurudi kushika nafasi ya ile ya 100. Hata kama orodha imeweka nimero mbili kwenye mustari mumoja, haikusema unaweza kusoma toka pande zote mbili.

Mbele ya kusema "sawa", mufundi muzuri anauliza mambo haya:

– Ni aina moja? NPN na NPN, silisiumu na silisiumu.
– Volti, ampere na joto: ile mupya iko juu ao sawa na ya zamani?
– Mbio: inaweza kukata na kuwasha haraka kama nafasi inavyotaka?
– Miguu: mpangilio ni ule ule? Na umbo linaingia?
– Nafasi yenyewe: hapa transista inafanya nini?

Swali la mwisho halina jibu katika kitabu. Jibu liko ndani ya mashini, na sherti mufundi alitafute mwenyewe.

Hata nimero moja inaweza kukudanganya. 2N3055 ni transista ya nguvu yenye RCA ilitoa mwanzo wa miaka ya 1960: chuma kama biskuti ndogo, volti 60, ampere 15, wati 115. Ilipendwa sana, fabriki mingi zikaitengeneza. Lakini za kwanza zilitengenezwa kwa njia moja, na za nyuma kwa njia ingine. Za kwanza zilikuwa polepole na ngumu sana. Za nyuma ni za mbio zaidi, lakini haziko ngumu kwa namna ile ile. Jina ni lile lile, vipimo vya juu ya karatasi karibu ni vile vile, lakini katika mashini ingine utaona tofauti. RCA yenyewe haiko tena kama zamani: General Electric iliinunua mwaka 1986, na sehemu yake ya transista ikaenda kwa Harris mwaka 1988. Mubatizaji alikufa, jina likabaki kutembea peke yake duniani.

*5. Magazini bila kaye*

Sasa tufike penye panauma.

Kampuni kubwa yoyote ya mashini iko na nimero zake za magazini. Piesi inaingia na nimero ya fabriki, magazinye anaipatia nimero ya nyumba, na karatasi moja inaunganisha hizo mbili. Kwa hiyo piesi moja iko na majina matatu: jina la nyumba, jina la fabriki, na jina la dunia, kama 2N ao BC. Ukipoteza ile karatasi ya katikati, piesi ingali ndani ya karto yake, mupya kabisa, lakini hakuna mutu anajua ni nini. Inakuwa chuma.

Ni nini kilitupata? Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 460,000 za shaba. Mwaka 1994 ilitoa chini ya tani 50,000. Kati ya hiyo miaka kulikuwa kuanguka kwa mugodi wa Kamoto mwaka 1990, uporaji wa 1991, pesa yenye haikurudi kununua piesi, na jambo lenye tunalitaja kwa aibu: mwaka 1992 na 1993, siasa ya chuki ilifukuza maelfu ya ndugu zetu wenye asili ya Kasai katika Likasi na Kolwezi. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa Gécamines na wa reli. Mutu akipandishwa treni kwa nguvu, ujuzi wake unapanda naye.

Kisha mwaka 2003, kwa pesa ya Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondoka katika kile kiliitwa "kuondoka kwa kupenda". Watu wameandika mengi juu ya pesa yenye walipewa, na ni haki kuandika. Lakini kuna hesabu ingine yenye haikuandikwa. Wale walikuwa watu wa miaka 25 na 30 ya kazi. Walijua kwamba mashini fulani ikikosa piesi fulani, unaweza kuweka ile ingine, lakini geuza miguu na uongeze bamba la kutoa joto. Hiyo haikuwa katika kitabu cha fabriki. Ilikuwa katika kichwa, ao katika kaye ya mufukoni. Hakuna mutu mwenye aliwaambia: mbele uende, acha kaye, tutakulipa kwa hiyo pia.

Miaka ya nyuma, kampuni mupya zilifika, zikarithi mashini, zikarithi magazini. Piesi zenye hazina jina ziliuzwa kama masalio, kwa kilo. Na mutu mwenye anauza kwa kilo anaonyesha kwamba hajui kitu anauza.

*6. Majina yanabadilika hata leo*

Mutu atasema: hayo ni mambo ya zamani, leo kuna intaneti. Kweli, leo unaandika nimero katika simu, karatasi ya vipimo inakuja katika sekunde mbili. Ni neema kubwa. Lakini angalia mambo mawili.

La kwanza: kampuni hazikai na jina moja. Kati ya watengenezaji wa mitambo ya Inga–Kolwezi kulikuwa ASEA ya Uswidi. Mwaka 1988 ASEA iliungana na Brown Boveri ikawa ABB, na ni ABB yenye ilirudi kupyaisha ile mitambo. Mwaka 2020 ABB iliuza hiyo sehemu ya kazi yake kwa Hitachi, na leo inaitwa Hitachi Energy. Kwa mufundi, hayo ni majina matatu ya mulango mumoja. Philips nayo ilitoa sehemu ya transista ikawa NXP mwaka 2006, kisha zile ndogo zikaenda kwa Nexperia mwaka 2017. Siemens ikazaa Infineon mwaka 1999, mwaka ule ule Motorola ikazaa ON Semiconductor. Ukitafuta piesi ya Motorola kwa jina la Motorola, utasema "haiko tena." Kumbe iko, ilibadilisha tu mwenye nyumba.

La pili: kuna watu wenye wanajua kwamba wewe unaamini nimero. Wanachukua piesi ya zamani, ao ya nguvu kidogo, wanafuta maandishi, wanaandika nimero ya bei kali. Mwaka 2012 kamati ya jeshi katika Seneti ya Marekani ilitoa ripoti juu ya piesi za bandia katika vifaa vya jeshi lao: visa karibu 1,800, piesi zaidi ya milioni moja. Kama jeshi lenye ndege na maabara lilidanganywa, sisi wenye tunanunua katika soko tutajikinga namna gani?

Kwa kupima. Mufundi mwenye anapima miguu na mulitimeta mbele ya kuunganisha, mwenye anaangalia kama maandishi yanafutika kwa asetoni, mwenye anapima uzito wa 2N3055 mukononi na kuona ni nyepesi mno, huyo anauliza piesi yenyewe badala ya kuamini jina lake.

*7. Kaye yetu*

Wandugu, kati yetu kuna wenye walisoma elektromekanika, elektroniki, kompyuta. Kuna wengine wangali katika odituari. Wengi tunatafuta kazi katika kampuni za migodi, na huko tunakuta mashini zenye kuandikwa kwa luga mpya: Kichina, na nimero za fabriki zenye hatuzijui. Mashini ikisimama, wanaita mutaalamu toka mbali, sisi tunamushikia taa. Tofauti kati ya mwenye kushika taa na mwenye kutengeneza, mara mingi, ni mwenye anajua piesi gani inaweza kushika nafasi ya ingine, na anaweza kuonyesha sababu.

Hiyo inaandikwa. Haitaki maabara. Inataka kaye na vijia vitano: nimero ya juu ya piesi; mashini na nafasi yenye ilitolewa; nimero yenye uliweka; kitu chenye ulibadilisha, kama miguu ao bamba la joto; na kijia cha tano, chenye vitabu vikubwa havina: ilidumu wiki ngapi? Muuzaji wa orodha hajui kama piesi iliyobadilishwa inaweza kuvumilia umeme wetu wenye kupanda na kushuka. Mufundi wa Manika anajua. Huo ni ujuzi wenye dunia nzima haina, na sisi tunauacha ufe katika karto.

Tena kuna wazee. Wale wa 2003 wenye wangali na uzima, wengi wako na miaka zaidi ya 70. Wako katika kartie zetu, wanakaa inje mangaribi. Nenda ukamusalimie mzee, umupelekee sukari, umuulize: "Baba, mashini ile, mulikuwa munaitengeneza namna gani piesi ikikosa?" Kisha nyamaza, uandike. Usiende na haraka.

Ule uchafu wa zamani wa kuyeyusha shaba wenye uko Lubumbashi, ile kilima nyeusi yenye kila mutu anaijua, una jermaniumu ndani yake. Mwaka 2024, Société du Terril de Lubumbashi ilituma mzigo wake wa kwanza wa jermaniumu kwa Umicore, kule Ubelgiji. Umicore ni nani? Ni Union Minière yenyewe, yenye ilibadilisha jina mwaka 2001. Miaka 70 imepita tangu jermaniumu ya Kipushi, na njia ni ile ile: bulongo inatoka huku, jina linaandikwa kule. Kilima kile waliita uchafu mpaka mutu alipopima na kusoma kilicho ndani.

Karto za wafundi wetu na kaye za wazee wetu nazo zinangoja musomaji. Kama uko na kaye ya namna hiyo nyumbani, ya baba ao ya mujomba, usiifungie maandazi. Piga picha kurasa zake, uzichunge pahali pawili, kisha utuandikie hapa chini: mashini gani, piesi gani, na nini ilishika nafasi yake.